Notisi za Mama

Mimi nakula mkate wa bahari, na bahari yenyewe haina habari kama nipo. Kwa miaka mingi nimekaa ghorofa ya tatu katika ofisi ya mawakala wa meli, kwenye meza ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa gereji. Nikitaka kuyaona maji sharti nipande hadi juu ya paa, na huko mlinzi anafuga kuku wake wala hapendi wageni. Sijawahi kusafiri kwa meli. Hata kivuko cha kwenda ng'ambo, safari ya kumaliza kikombe cha chai, huanza kunitapisha kabla hakijafunguliwa kamba. Mke wangu husema mimi naweza kuugua kwa kutazama mtu amebeba ndoo ya maji. Hapo anapiga chuku, lakini si sana.

Kazi yangu ni maneno. Mikataba ya kukodi meli huandikwa na mabaharia pamoja na mawakili, watu ambao hata mmoja mmoja hawaeleweki, sembuse wakikutana. Mfanyabiashara anayeagiza ngano au mabati hupewa kurasa hizo atie sahihi, naye hutaka kujua anatia sahihi nini, basi huletwa kwangu. Mimi ndiye humweleza kwamba hati ya shehena ikisema sanduku "inasemekana lina vyombo vya udongo", maana yake ni kuwa meli haijaona chombo hata kimoja, imesikia tu. Humweleza pia kwamba kwenye mkataba hatufuti kitu. Tusichokitaka tunakikata kwa mstari, kikabaki kinasomeka, ili kila mtu ajue nini kilikataliwa. Naeleza kwa kujiamini hivi kwamba wengine hudhani nimeizunguka dunia. Mwagizaji mmoja aliwahi kuniuliza ni bandari gani yenye mawimbi mabaya kuliko zote. Nilimtajia moja niliyokuwa nimeisoma asubuhi ile, nikatikisa kichwa na kunyamaza, kama mtu aliyepoteza rafiki kule.

Ofisini wananiita Nahodha. Lilianza kama dhihaka, nami nikalipokea bila haya, na siku hizi dada wa mapokezi akiniita kwa jina langu halisi sigeuki.

Mganga hajigangi, na mimi sijawahi kupata dawa ya ugonjwa wangu mwingine, ambao ni kuyabeba maneno ya kazini kuyaleta nyumbani. Mke wangu akichelewa kujiandaa, humwambia amepitisha muda wa kupakia. Akirudi na mfuko kutoka sokoni, husema inasemekana una nyanya. Amenivumilia kwa sababu aliolewa akiwa mdogo, hakujua kwamba mambo kama haya yanaweza kukataliwa.

Sasa nimlete Mama, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Mama ni fundi cherehani wa sare za shule. Ana nyumba yake ya vyumba viwili huko ng'ambo, na cherehani yake hukaa kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule, ubavuni mwa fundi viatu. Watoto aliowashonea kaptula za kwanza sasa wanawaleta watoto wao kupimwa. Ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mzazi akija na kitambaa pungufu akitaka kitoe nguo kamili, Mama humuuliza kama mtoto mwenyewe naye ni nusu.

Mtoto wa jicho alimwingia polepole, macho yote mawili, na kwenye simu hakunitajia hata siku moja. Nikimuuliza hali, hunijibu kwamba anaona mpaka ninayomficha. Siri ilitolewa na fundi viatu. Alimpigia mke wangu akamwambia kwamba Mama ameshona mifuko ya kaptula upande wa nje, kaptula za darasa zima, na kwamba anawagombeza wazazi wanaorudisha. Mke wangu alivuka siku hiyo hiyo kwenda kumchukua. Mimi niliwapokea upande huu, kwenye nchi kavu, nikiwa nimesimama imara kabisa.

Alifanyiwa upasuaji, jicho moja kisha la pili, akakaa kwetu katika chumba cha binti yetu aliye chuo kikuu. Tulimtia matone ya dawa, tukamkataza kuinama, tukamkataza jiko, tukamkataza jua. Macho yalipofunguka, kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi la nyumba yetu, ambalo sisi tulikuwa tumeishi nalo kwa amani. Mke wangu alicheka. Mimi nilifurahi kupita kiasi, nikawa natoka ofisini mapema ili nimkute sebuleni.

Wakati huohuo ofisini tulikuwa na ugomvi wa notisi, na mimi, kama kawaida yangu, nikauweka mezani pamoja na wali. Nikaeleza kwamba meli ikifika, nahodha humwandikia mwenye shehena notisi ya utayari: nimefika, na niko tayari kwa kila hali. Kuanzia hapo saa inahesabiwa upande wa pili, na wakizembea kuihudumia, hasara ni yao. Lakini akisema yuko tayari, kisha vyumba vya shehena vikakutwa vichafu, notisi ni batili, kama vile hakusema kitu, na sharti aandike nyingine. Mama alikuwa amefumba macho kwa sababu ya matone. Nilidhani amelala.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta sebuleni ameketi kwenye kochi, viatu miguuni, begi lake limefungwa na kuwekwa mbele ya magoti.

"Nimefika, na niko tayari kwa kila hali," alisema. "Pokea notisi."

Nilicheka hadi chai ikanipanda puani. Kisha, badala ya kwenda kazini kama mtu mwenye akili, nikakaa nikamjibu kwa lugha ya ofisini: notisi imesomwa, imeonekana ni batili, chupa ya matone haijaisha. Alinitazama kwa yale macho yake mapya, akachukua begi akarudi chumbani. Kesho yake alikuwa palepale, na begi, na viatu.

Ukawa mchezo wetu. Kila asubuhi notisi, kila asubuhi kasoro. Niliwasimulia ofisini, wakafurahi, na meneja akawa ananiuliza meli ya nyumbani imefikia wapi. Kilichonipita ni kwamba tulikuwa tukicheza mchezo mmoja kwa nia mbili: mimi nilikuwa natania, na Mama alikuwa anataka kwenda kwake.

Matone yakaisha. Daktari akampima, akamsomesha herufi za ukutani, akamruhusu arudi kwenye shughuli zake. Asubuhi yake Mama alitoa notisi akiwa na cheti cha daktari mapajani. Hapo mtu muungwana angepokea. Mimi nikatazama dirishani, nikaona wingu, nikamwambia mkataba wetu ni wa siku ambazo hali ya hewa inaruhusu. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili haihesabiwi. Baada ya hapo nikasikia fununu kwamba wafanyakazi wa kivuko wanataka kugoma, fununu ambayo nadhani niliianzisha mwenyewe. Kisha nikasema paa la nyumba yake halijakaguliwa. Kazini visingizio vya aina hii nikiviona kwenye mkataba navikata kwa mstari mnene, nikiandika pembeni kwamba mwenzetu anatafuta njia ya kukwepa. Nyumbani nilikuwa navitunga mwenyewe, tena kwa ustadi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama aliniambia siku ya paa. "Mimi mmeninyima jembe, mmeninyima ufagio, mmeninyima hata kisu cha kukatia kitunguu."

Nikamwambia si mgeni, hapa ni kwake. Akasema kama ni kwake, aonyeshwe ufunguo wa mlango. Ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwangu, na ulibaki mfukoni mwangu.

Nilijaribu kumvuta mke wangu awe msuluhishi, maana kila mkataba una kifungu cha usuluhishi. Alikataa katakata. Alisema yeye ni mke wa mmoja na mkwe wa mwingine, akihukumu atalala na njaa upande mmoja. Lakini jioni moja tulipokuwa tunaanua nguo alisema, bila kunitazama, kwamba Mama hachezi tena, na mimi ndiye peke yangu sijaona.

Nilikuja kuona kesho yake. Mama alikuwa kwenye kochi, miguu mitupu, bila begi, na hakusema kitu. Nilimsubiri atoe notisi yake, nilikuwa na jibu zuri tayari. Akaendelea kutazama televisheni iliyozimwa. Mwishowe nikamuuliza vipi leo, meli haijafika?

Akanieleza taratibu. Fundi viatu alikuwa amempigia. Shule zinakaribia kufunguliwa, na mwalimu mkuu wa kule anauliza kama sare za darasa la kwanza zimsubiri au zipelekwe kwa fundi mwingine, kijana mwenye cherehani ya umeme. Mwalimu anataka jibu ndani ya juma hili.

"Zikienda mara moja, hazirudi," alisema. "Nikipita njiani kule watu wananiita fundi. Zikienda zile sare wataanza kuniita bibi. Bibi ni neno zuri, mwanangu, lakini sijawa tayari nalo."

Haya ni maneno ambayo mtoto mwenye moyo angeyasikia. Mimi nilimwambia ameshakula chumvi nyingi, kazi ameifanya ya kutosha, sasa ni zamu yetu kumtunza, apumzike. Nilisema kwa sauti ya upole, ile ninayotumia kwa wateja waliokwisha kushindwa. Hakubishana nami. Aliinuka akaenda chumbani, akafunga mlango pole pole, nami nikaenda kazini nikijipongeza kwa kuwa sikugombana na mzazi.

Siku hiyo tulikuwa na kikao na mwagizaji wa saruji, mzee mnene mwenye sauti laini, ambaye hukasirika kwa kutabasamu. Alikuwa amekodi meli, na mkataba wake ulisema ataielekeza kwenye bandari salama. Yeye akaielekeza kwenye gati la rafiki yake, ndani ya mkono wa bahari, nyuma ya daraja. Nahodha wa kweli, si mimi, alikataa kuingia. Meneja akaniita nieleze kifungu.

Mzee alianza yeye. Alisema nahodha huyo ni mkaidi, maana meli inapita chini ya daraja vizuri tu, wamepima. Hilo lilikuwa kweli. Ikiwa na saruji tumboni, meli huzama chini, na mlingoti unapita. Tatizo lilikuwa baadaye. Ikishapakua inakuwa nyepesi, inaelea juu, na mlingoti uleule haupiti tena chini ya daraja lilelile. Hata ukiijaza maji ya bahari kuilemea, vipimo vilikuwa vinakataa. Ingeingia ikiwa nzito, na ingebaki humo kwa sababu imepata wepesi.

"Basi ibaki," mzee alisema. "Tutatafuta njia taratibu. Mle ndani ni pazuri, hakuna mawimbi, kuna walinzi usiku na mchana, maji safi yapo. Ina haraka ya kwenda wapi?"

Nilifungua faili nikamsomea. Bandari salama ni ile ambayo meli inaweza kuifikia, kuitumia, na kutoka, bila kuhatarishwa. Nikamwambia ni mambo matatu, na hili la tatu likikosekana, mawili ya kwanza hayasaidii kitu.

"Hata ikitunzwa vizuri?" aliuliza.

"Hata ikitunzwa vizuri."

"Yaani nitaitwa mkosaji kwa kuihifadhi?"

Sijui nilipatwa na nini. Mimi si mtu wa kupandisha sauti kwa mteja, tena mteja wa saruji. Lakini nilimwonea huruma nahodha yule nisiyemjua, aliyesimama nje na meli yake nzima, akiambiwa aingie mahali atakapopendwa mpaka ashike kutu.

"Mzee, hakuna aliyekuomba uihifadhi," nilisema. "Uliombwa uipe mahali pa kufanya kazi yake, kisha iende. Hii ni meli. Ukishaifungia ndani umeifanya ghala."

Meneja aliniangalia kwa fahari, akaandika kitu. Mzee alitabasamu, kwa hiyo nikajua amekasirika, lakini akakubali kutafuta gati jingine. Mimi niliketi nikijisikia mkubwa. Nikanyoosha mkono kuchukua glasi ya maji, na hapo nikasikia tena ile sauti laini: hakuna mawimbi, kuna walinzi, ina haraka ya kwenda wapi. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo asubuhi ileile, na aliyeyasema hakuwa mzee wa saruji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Masikio yangu yalipata moto, na maji yale sikuyanywa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe kufika. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya ukubwa wa kijinga: mtu mzima, mtaalamu wa vifungu, nimemfungia mama yangu ndani kwa wingu na Jumapili. Tena nilimfungia baada ya kupona. Alipokuwa haoni, alikuja kwetu, na tulikuwa na haki ya kumshika. Alipoanza kuona ndipo nilipouficha ufunguo.

Nilimkuta palepale kwenye kochi. Mke wangu alikuwa jikoni, na vyombo vyake vilinyamaza nilipoingia. Nikaketi kwenye kiti cha mbele yake, nikamwambia notisi yake nimeipokea.

"Ipi?" alisema. "Nimetoa nyingi."

"Zote, Mama."

"Kwa masharti gani?"

Nikamwambia hakuna masharti. Nikautoa ufunguo mfukoni nikauweka juu ya meza, kitendo kisichokuwa na maana yoyote tena, maana alikuwa anaondoka, lakini ndicho nilichokuwa nacho. Hakuugusa. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya wingu.

"Unaogopa nini wewe?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu notisi ya kwanza sikutumia neno la mkataba. Nilimwambia kwamba akiwa kule, kati yetu kuna kivuko, na mimi kivuko kinanishinda, na anajua. Nilimwambia kwamba kwenye simu alinificha macho, na akirudi atanificha kitu kingine, goti, moyo, kuanguka bafuni, na nitaambiwa na fundi viatu wakati umeshapita. Akiwa hapa namwona kila siku kwa macho yangu. Naogopa siku ambayo nitaletewa habari zake badala ya kumwona.

Alianza kucheka nilipotaja kivuko, kicheko cha kweli, mabega yakitikisika. Kisha kicheko kikaisha, akajifuta macho, ambayo daktari alikuwa amemkataza kuyapikicha.

"Kumbe ni hilo," alisema. "Na mimi muda wote huu nilidhani umeniona sifai tena."

Mke wangu aliingia na chai ambayo hakuna aliyeiomba, akaketi karibu na Mama, na kwa muda tukawa watu watatu tunaokunywa chai tu.

Tulivuka Jumamosi. Mama alisema angeweza kwenda na mke wangu, au peke yake, ana macho. Nikasema nitampeleka mimi. Mke wangu alinipakia mfuko wa plastiki, wa pili wa akiba, limau, na leso, akanitazama kwa huruma ambayo hunionyesha kwa nadra. Kwenye kivuko nilichagua mahali pa katikati, kwa sababu nimewaeleza wateja wengi kwamba katikati ya chombo ndiko kunakoyumba kidogo. Ni kweli kitaalamu. Tumbo langu halikuwa limesoma kifungu hicho.

Kivuko hakikuwa kimefika mbali nilipofungua mfuko wa kwanza. Sitaeleza zaidi. Mama alinishika paji la uso kwa kiganja kimoja, kama alivyonishika nilipokuwa mdogo na homa, na kwa mkono mwingine akashika begi lake lisiibwe. Akaniambia nitazame nchi ya mbele, nisitazame maji. Mama mmoja aliyekuwa karibu, amebeba kuku kwenye kikapu, aliuliza kwa huruma kijana amepatwa na nini.

"Huyu ni mwanangu," Mama alimjibu, tena kwa sauti ya kusikika. "Anafanya kazi ya meli."

Yule mama alinitazama nikiwa na mfuko mdomoni, akasema Mungu amsaidie.

Ng'ambo nilishuka nimejishika kwenye begi la mzazi wangu. Kibarazani walikuwa wanamsubiri. Fundi viatu aliinuka akamfunulia cherehani, aliyokuwa ameifunika turubai na kuitia mafuta mwenyewe, na mwenye duka akatoa kitambaa cha sare, marobota mawili ya buluu. Watu watatu waliopita njiani walisema karibu fundi. Mama aliitikia bila kuinua kichwa, kana kwamba alikuwa ametoka kunywa maji tu. Nilimwona akivuta kiti chake, akapapasa gurudumu, akakanyaga mara moja kusikiliza mlio. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona mtu akirudi mahali pake namna ile.

Akapima, akakata, akashona pindo la kwanza, likaenda sawa. Vifungo huvishona kwa mkono, kwa hiyo akatoa sindano na uzi. Akalenga tundu, akakosa. Akalowesha uzi mdomoni, akalenga tena, ukapita pembeni. Nilihisi maneno yakinipanda: macho bado, notisi ni batili, turudi. Nikauma ulimi mpaka ukauma kweli. Nikavuta kigoda, nikachukua ile sindano mkononi mwake, nikatia uzi. Nikampa. Akashona kifungo, na mimi nikachukua sindano nyingine kwenye kijaluba chake, nikatia uzi, nikaichomeka kwenye kipande cha godoro anachochomekea. Kisha nyingine. Nilipata wazo la kumwekea akiba ya mwezi mzima, zote zikiwa na uzi, asipate shida.

Nilikuwa na sindano ya tano au ya sita mkononi nilipoinua macho nikaona miwani. Daktari alimpa miwani ya vitu vya karibu, na asubuhi ileile kabla hatujatoka alikuwa ameisomea maandishi madogo kabisa ubavuni mwa chupa ya dawa, akamwambia mke wangu tarehe ya kuharibika. Sasa ilikuwa inaning'inia kifuani kwake kwa kamba, chini kidogo ya kidevu, naye alikuwa hana habari nayo. Fundi viatu alikuwa ameinamia kiatu, anafanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida. Nikashika sindano nyingine.

"Basi," Mama alisema. "Hizo zinatosha."

"Bado zipo nyingi humu, Mama. Nizimalize."

Alishona kifungo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Ziache," alisema. "Hizi zikiisha utakuja kutia nyingine."